SLR ya Baba

Kila Krismasi, nyama ikishapakuliwa na kabla mtu hajatia tonge mdomoni, baba yangu alikuwa anaanza kuzungumzia bunduki yake. Hakuanza na sala. Hakuuliza nani ameamkaje. Anapangusa mdomo ambao bado haujala kitu, anaweka viwiko mezani, halafu anasema, "Esi. Eli. Ara." Anazitamka hizo herufi moja moja kama mtu anayetaja watoto wake waliofaulu mtihani. Mimi hamu ya kula inaniisha hapo hapo.

Niliijua SLR kabla sijajua kusoma. Ni bunduki ndefu ya jeshi la zamani, wanajeshi wetu waliirithi kwa Waingereza, kitako chake cha mbao, magazini yake ya risasi ishirini. Siku hizi imestaafu, wanajeshi wana nyingine. Baba alikuwa nayo kaskazini, miaka ile ya vita vya jangwani, akiwa kijana asiye na ndevu. Alipotoka jeshini alifanya kazi ya kulinda mageti ya matajiri, akapanga chumba Kongo, kule Kawangware, na mpaka leo anakaa hapo hapo. Ana miaka themanini kasoro. Jirani zake wote wanamwita Afande, na akiingia kwenye kibanda cha chai mtu lazima ainuke ampe kiti.

"Unakoki mara moja tu," alikuwa anatufundisha, mkono mmoja umeshika mfupa. "Ukifyatua ya kwanza, moshi wa hiyo risasi unarudi kusukuma chuma nyuma. Ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Inajikoki yenyewe. Lakini kufyatua? Haikufyatulii. Kila risasi lazima kidole kivute." Halafu anainua kidole chenye mafuta ya ng'ombe na kukikunja mbele ya nyuso zetu. Mara moja. Mara ya pili. Watoto wanacheka. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa anageuka anaangalia mlango.

Hadithi yenyewe ilikuwa ile ile. Kisima kiko katikati ya jangwa, adui wanakuja alfajiri wakiwa wengi, wenzake wamelala, yeye peke yake nyuma ya jiwe. "Nikamlaza wa kwanza," anasema. "Nikamlaza wa pili." Kulaza. Neno la mama na mtoto, yeye anaenda kulitumia huko. Nilikuwa natamani nichukue sahani yangu nikakae nje na mbwa, lakini msichana wa Kiluhya hamwachi baba yake akizungumza, kwa hiyo nilibaki nikimeza mate machungu.

Tena mimi ni mtu wa Kibera. Nimeshapika ugali nikiwa nimelala kwa tumbo kwa sababu ya risasi za watu wasionijua wala nisiowajua. Nimeona mabati ya jirani yametoboka, na jirani mwenyewe hakuwahi kujibu tulipomwita. Mtu aliyeona hayo akija kusikia mzee anakunja kidole mezani ili watoto wacheke, anasikia kichefuchefu cha kweli, kile cha kutafuta ndoo.

Hayo ningeyavumilia mpaka mmoja wetu afe. Kilichoyaharibu ni mimba ya binti yangu.

Binti yangu ni msusi. Anakaa nami hapa Mashimoni, Kibera, mimi nashona nguo mbele, yeye anasuka nyuma ya pazia, mume wake yuko kazi ya mjengo Rongai na hurudi Jumamosi. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Ya pili ilifika siku zake, tukanunua mpaka beseni, na mtoto akazaliwa kimya. Hii ilikuwa ya tatu. Ilikuwa na miezi sita na tulikuwa hatujaitaja kwa mtu yeyote, tukidhani tukinyamaza itapita salama.

Lakini shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka nyumbani Magharibi kutibiwa macho, akafikia kwetu mpaka matibabu yaishe. Macho mabovu hivyo hivyo, aliona tumbo. Akauliza. Akaambiwa ya kwanza na ya pili. Akasugua magoti, halafu akasema, "Hiyo ni damu ya bunduki."

Akatueleza, na mimi nilijua kidogo kidogo lakini sikuwahi kuyasikia yamepangwa hivyo. Kwetu zamani, mwanamume aliyerudi vitani na ameua haingii nyumbani vivi hivi. Anakaa nje. Anachinjiwa kondoo, anapakwa mavi ya tumboni mwa yule kondoo, yale majani ambayo hayajasagika, anataja aliowaua mbele ya mtu aliyekuwepo, kisha anaoshwa. Kabla ya hapo hali chungu kimoja na watu. Mkono wake haumlishi mtu, na hasa haumlishi mwanamke mwenye mimba wala haumshiki mtoto. Baba aliporudi kutoka kaskazini babu alimtengenezea kondoo, na baba akakataa. Alisema yeye ni mtu wa kanisa na sabuni inatosha. Babu akafa na hilo jambo moyoni.

"Amewalisha ninyi wote kwa mkono huo," shangazi akasema. "Huyu mtoto amekula nyama ya Krismasi kutoka mkono huo tangu aote meno."

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia sisi tumeokoka, na daktari alisema ni presha. Shangazi hakubishana. Alikuwa ameshasema, na maneno yakimwagika hayazoleki.

Binti yangu aliyachukua yote. Kesho yake hakunywa chai. "Mathe," akaniambia, "nimekula kwa huo mkono miaka yote. Huyu mtoi ako kwa damu ya watu." Nyama akaacha kabisa, kwa sababu akiiona anaona kidole cha babu yake. Baadaye akaacha maharagwe, sijui maharagwe yaliua nani. Kliniki akaenda mara moja, daktari akamvuta kope chini na kusema damu imepungua, ale nyama, ale maini, asipokula tutampoteza mtoto na pengine na yeye mwenyewe. Alirudi akajilaza akaangalia ukuta. Kliniki ya pili akakataa. "Niende kufanya nini? Si hata hii itaenda tu."

Wiki tano alikaa hivyo. Mikono ikawa ya mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nashona huku nasikiliza pazia, nikisikia kimya nainuka kuhakikisha anapumua. Sikuwa naamini habari ya kondoo, na mpaka leo sijui kama naamini. Lakini yeye aliamini, na aliyekuwa anakufa ni yeye.

Nikatembea mpaka Kongo. Baba nilimkuta ameketi nje ya chumba chake anapaka viatu rangi, viatu vinavyong'aa kuliko maisha yake. Nikamweleza bila kumzungusha. Nikasema, shangazi yuko tayari, kondoo atapatikana Dagoretti, wewe kazi yako ni kusimama na kutaja. Maisha yako yote umetaja bila kuombwa, sasa unaombwa.

Nilitegemea anipigie kelele za kanisa. Mtu aliyesumbua masikio yetu miaka arobaini, siku ya kuulizwa ulimi ukamkauka. Akaendelea kusugua kiatu kile kile. "Mimi siwezi kupakwa mavi ya kondoo mbele ya wapangaji," akasema mwishowe. Nikamtazama juu chini. Mjukuu wake anaisha, yeye anawaza wapangaji. Niliondoka bila kumuaga, na njia nzima nilikuwa natema mate pembeni.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimepanga mtungi kwenye kioski cha maji hapa kwetu. Mwenye kioski ni mzee mwanajeshi mstaafu, anavaa bereti hata kukiwa na jua la kuchoma, mcheshi, kila mama ni mpenzi wake. Nilijua alikuwa jeshi moja na baba, walisalimiana hapo mara chache baba alipokuja kututembelea. Akaniuliza mbona uso umevimba. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Nikamwambia habari ya mimba, ya kondoo, ya damu ya kaskazini.

Akacheka mpaka akashika mfereji. "Baba yako? Ameua nani? Baba yako alikuwa mtu wa stoo, mama. Stoo ya bunduki."

Nikamwambia asinifanyie mzaha.

"Mzaha gani? Asubuhi tunapanga laini dirishani, anatupa kila mtu SLR yake kwa namba. Jioni tunazirudisha, anasukuma kitambaa ndani ya mtutu, anatoa masizi, anapaka mafuta, anazipanga. Kule kuna vumbi, usiposafisha inakwama. Alikuwa fundi mzuri sana, siwezi kumnyima. Lakini nje ya kambi? Hata kisima hakukiona. Kisimani tulikuwa sisi."

Nilisikia kitu kikiniteremka mwilini, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuna damu. Binti yangu hana damu ya mtu yeyote, ana babu mwongo tu, na uongo hauingii kwenye mfuko wa uzazi. Nilitaka kukimbia nikamwambie. Lakini mzee wa maji alikuwa ameshashika kasi, na maji yalikuwa bado yanajaa.

"Hakukuwa na vita siku ile," akasema. "Walikuja kunywesha ngamia. Sisi tulikuwa na kiu na tulikuwa na hasira, tumepoteza mwenzetu wiki iliyotangulia. Wanaume watatu, na mwanamke mmoja ameshika birika. Sasa SLR, unajua, haina haraka. Inakupa nafasi. Unamaliza mmoja, unapumua, unachagua mwingine. Nilimaliza wote mimi. Wenzangu walikuwa wakiangalia tu." Akafunga mfereji, akaupiga mtungi wangu kofi kuonyesha umejaa. "Yule wa birika hakuwa amekufa sawasawa. Nikaona kwa nini niharibu risasi, nikatumia kitako. Mbao nzuri ile. Nzito."

Alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la kichaa, hapana, hilo ningelielewa. Alitabasamu kama mtu anayekumbuka ujana wake, siku alizokuwa na nguvu.

Nikamuuliza kama aliwahi kuoshwa. "Nioshwe nini? Mama, mavi ya kale hayanuki." Akanikonyeza, akaita mtungi wa nyuma yangu.

Yananuka. Nilisimama pale nikisikia harufu, haki ya Mungu, na sijui ilikuwa ya mtaro au yake. Nimenunua maji kwa mtu huyo miaka kumi na minane. Nimepikia uji, nimeoshea watoto wa watu, nimempa binti yangu anywe dawa. Niliuacha mtungi ukiwa umejaa, nikaondoka huku akiniita kwamba nimeusahau.

Sikurudi nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Kongo. Safari hii nilimkuta baba ndani. Nikasema, "Wewe ni mtu wa stoo."

Hakukana. Alikaa kitandani na kuweka mikono kati ya magoti, na ghafla niliona mzee, si Afande. Akaniambia mwanajeshi akirudi nyumbani watu wanataka hadithi. Alijaribu mwanzoni kuwaambia kwamba yeye alikuwa anapangusa bunduki, na wanaume wakacheka, wakamuuliza kama alikuwa anawapikia wenzake pia. Kwa hiyo akachukua hadithi iliyokuwepo. Akaigeuza kidogo. Ngamia wakawa adui, birika akaliondoa.

"Ulijua ilikuwa ni nini," nikasema.

"Nilijua kabla ya wote. Bunduki yenyewe ilirudi jioni, nikaipokea dirishani. Risasi nne hazimo." Akaitazama mikono yake. "Na kitako kina nywele. Nywele ndefu, mama. Mbao ilikuwa na ufa mdogo na zilikuwa zimebanwa kwenye ufa. Nikazitoa moja moja kwa sindano ya kushonea. Nikapaka mafuta ya kitani mbao ikang'aa, nikaipanga na nyingine, nikaandika iko sawa."

Nilimtazama huyu mtu aliyenizaa. Siku zote nilidhani kinachonichukiza ni kwamba aliua. Sasa nikasikia hakuua, na bado nilitaka kuinuka nisimguse. Alijua nywele, akaja mezani kwa mama yangu akakunja kidole ili watoto wacheke.

Lakini chuki yangu ilikuwa na siku zake, na binti yangu hakuwa na siku. Nikamwambia avae viatu vyake vinavyong'aa, twende Mashimoni, akamwambie mjukuu wake ukweli. Akavaa.

Alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yangu. Shangazi alikuwa kwenye stuli. Baba akasema yote, na nakubali hakujipendelea. Akasema, mimi sikuwahi kumpiga mtu risasi, nilikuwa stoo, yale ya kisima niliyaokota kwa mwenzangu.

Binti yangu alimsikiliza akiwa amelala ubavu. "Kuka," akasema, maana kwetu babu ni kuka, "umetushow hiyo story tangu nikiwa mdogo. Na kidole. Na vile ganda linaruka."

"Nilikuwa naongopa, mjukuu."

"Ama ni saa hii ndio unaongopa, juu hutaki kuoshwa."

Baba akanigeukia nimsaidie. Nikasema ni kweli, nimesikia kwa mtu mwingine aliyekuwa huko. Binti yangu akauliza nani, nikashindwa. Ningesema ni mzee wa maji? Ningemwambia kwamba aliyefanya ni yule ambaye anakunywa maji yake asubuhi na jioni? Nikasema, mtu tu. Binti yangu akafumba macho. "Mathe, wacha. Najua unataka nikule." Shangazi naye akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuona mtu asiye na damu anaogopa kondoo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilikuwa na miaka arobaini, na alipotaka kugeuka arudi akakuta nyuma kumefungwa. Akasema, "Basi nioshwe."

Mipango aliifanya shangazi. Alitaka na shahidi, mtu aliyekuwepo, kama ilivyo desturi, na kabla sijafungua mdomo binti yangu akasema kutoka kitandani, "Si yule mzee wa maji alikuwa jeshi na kuka? Yeye ako poa, atakuja." Shangazi mwenyewe akaenda kumwita. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikarudi. Nilikuwa na ukweli mmoja mkononi na kila nilikotaka kuuweka ulikuwa unamwangukia binti yangu.

Walimwosha Jumamosi saa nne asubuhi, uani Kongo, kati ya kamba za nguo. Wapangaji wote walikuwa nje, wengine wamepanda ngazi za ghorofa ya mabati waone vizuri, akina mama wa Kijaluo wa chumba cha mwisho wakieleza wenzao kwamba hata kwao iko. Binti yangu tulimleta kwa bodaboda, polepole, akawekwa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Baba akasimama na kaptura tu. Sijawahi kumwona baba yangu kifua wazi. Kifua cha kuku.

Mzee wa maji alikuja na bereti na koti la suti. Akawasalimia wote kwa mkono.

Kondoo alipopasuliwa shangazi akatia mikono miwili ndani ya tumbo lake na kutoa yale majani ya kijani yanayotoa mvuke. Harufu ikajaa ua mzima. Akampaka baba kifuani, mikononi mpaka vidoleni, usoni. Wapangaji waliziba pua. Baba hakufumba macho. Shangazi akauliza kwa Kiluhya, kisha kwa Kiswahili ili shahidi asikie, "Wangapi?"

"Wanne," baba akasema.

"Ni wanaume?"

"Wanaume watatu. Na mwanamke mmoja. Alikuwa ameshika birika."

Kwenye Krismasi zote arobaini hajawahi kumtaja. Nilimwona binti yangu akishika tumbo. Nikageuka kumtazama yule mwingine, nikitafuta kitu usoni mwake, hata aibu ya dakika moja, hata kope icheze. Shangazi alikuwa anamuuliza yeye sasa. "Wewe ulikuwepo? Ni kweli?"

Akavua bereti, akaiweka kifuani kwa heshima. "Nilikuwepo," akasema. "Ni kweli. Niliona kwa macho yangu."

Baba alisimama tu, mavi yakimtiririka kidevuni. Walimmwagia maji ya baridi ndoo tatu. Shangazi akamfunika blanketi, akasema imekwisha, nyumba ni safi, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

Mtoto yuko. Ana miezi saba sasa, ananyonya na kulia kama jogoo, na baba anamshika. Lakini siku ile hatukujua hayo. Siku ile nilichokuwa nataka ni kitu kimoja, binti yangu ale, na nyama ilipochemka na kupakuliwa alipewa sahani akaishika tu, akiitazama. Shangazi akambembeleza. Mume wake akambembeleza. Mimi nikapiga magoti nikamwambia, sasa umeona, imeoshwa, kula. Aliinua kipande, akakirudisha.

Mzee wa maji akatoka alipokuwa ameketi. Alichukua kipande cha ini kutoka sahani yake mwenyewe, akainama mbele ya binti yangu na kumwekea mkono mwingine kichwani. "Mimi ndio shahidi," akamwambia kwa upole sana. "Nakuambia hakuna kitu tena. Fungua mdomo."

Baba alikuwa ukutani ndani ya blanketi, akitetemeka. Alinitazama. Nilijua anasubiri mimi niseme, na mimi nilikuwa nasubiri yeye.

Binti yangu akafungua mdomo. Akatafuna muda mrefu, akameza, akafungua tena. Nikasukuma sahani karibu na yule mzee ili asipate shida kufikia.